Nyumba ya Kuzeekea

Dalali alidhani natania nilipoomba ndoo ya maji.

Ilikuwa nyumba ya saba tunaiangalia hapa Moshi, upande wa barabara ya Uru, na mwenye nyumba alikuwa ameshatutembeza vyumba vyote. Nikamwomba binti wa pale, "Mwanangu, nijazie ndoo ya lita ishirini." Akajaza. Nikaibeba kutoka bombani uani, nikapanda ngazi tatu za mlango wa nyuma, nikapita jikoni, nikafika bafuni. Kizingiti cha bafu kilikuwa kimenyanyuka kama tofali lililosimamishwa ubavu. Nikainua mguu, maji yakanimwagikia, goti la kulia likanichoma. Nina miaka 61. Nikaitua ndoo, nikamwambia mume wangu, "Twende."

"Mama, kizingiti si cha kuvunja tu? Fundi anakimaliza asubuhi moja," dalali akasema.

Kweli, kizingiti kinavunjwa. Lakini nyumba ile ilijengwa kwa kuufuata mteremko wa kiwanja: sebule juu, vyumba chini, uani chini zaidi. Mteremko hauvunjwi.

Nimekuwa muuguzi miaka 36, mingi kati ya hiyo Arusha, na sehemu kubwa nimeifanya wodi ya mifupa. Kila mzee aliyeletwa na nyonga iliyovunjika nilimuuliza swali lile lile: ulikuwa wapi ulipoanguka? Majibu yalifanana mpaka nikawa nayajua kabla hayajatamkwa. Bafuni. Usiku nikienda chooni. Kwenye ngazi ya nyuma, ilikuwa imelowa. Nilijikwaa kizingiti. Walianguka ndani ya nyumba walizozijenga wenyewe, wengine kwa jasho la maisha mazima, nyumba walizozijenga wakiwa na miaka arobaini na magoti ya miaka arobaini. Ndiyo maana nilipostaafu mwaka 2023 niliapa kwamba nyumba yetu ya mwisho tutaichagua kwa magoti tutakayokuwa nayo tukifika themanini.

Kwa watu wa huku, kauli hiyo si nyepesi. Mume wangu ni wa Kibosho, kwenye mteremko wa Kilimanjaro. Mchaga akistaafu anarudi kihambani, na anayesoma haya akiwa ametoka mlimani haelezwi kihamba ni nini. Kwa wengine niseme tu kwamba kihamba ni zaidi ya shamba la migomba na kahawa. Ndipo babu alipozikwa, ndipo kitovu kilipozikwa, ndipo jina la ukoo lilipo. Nyumba ya baba, kwa desturi, inabaki kwa mtoto wa mwisho wa kiume. Mume wangu ni wa pili kati ya wanne, kwa hiyo alipewa kipande chake pembeni, kimelala kwenye mteremko juu ya mfereji, na kwa miaka ishirini kila mtu alijua kwamba siku moja tutajenga pale.

Kilichobadilisha mawazo yangu ni usiku mmoja wa masika mwaka 2019. Mama mkwe wangu aliteleza akitoka chooni. Tulikuwa tumekwenda kumsalimia, bahati. Kutoka nyumbani kwake mpaka barabara inayopitika gari ni njia ya udongo mwekundu, na udongo mwekundu wa mlimani ukishiba mvua unateleza kama sabuni. Gari halikuweza kupanda. Tukamlaza juu ya blanketi zito, na tukahitaji watu wanne wa kushika pembe. Mume wangu, wa kwanza. Mdogo wake wa mwisho, wa pili. Tukakimbia kugonga kwa majirani kutafuta wengine wawili.

Majirani wana nyumba nzuri sana. Za ghorofa, mageti ya chuma, taa za nje zinazowaka zenyewe giza likiingia. Tuligonga tano. Mbili hazikuwa na mtu kabisa. Mbili zilikuwa na bibi kizee peke yake. Ya tano alitoka kijana anayelinda na kulisha ng'ombe, akaja mbio bila viatu, Mungu ambariki. Wa nne tulimpigia simu, dereva wa bodaboda kutoka barabarani chini. Wenye nyumba zile wako Dar es Salaam, Mwanza, Arusha. Desemba wanajaa, watoto wanakimbia kwenye migomba, moshi wa nyama unapanda kila ua, na hakuna mahali pazuri duniani kama Kibosho wiki ile ya Krismasi. Lakini mama mkwe wangu alianguka Aprili. Tulifika hospitali ya KCMC kunakucha, blanketi limelowa tope na damu, na yeye muda wote alikuwa anatuomba samahani kwa usumbufu.

Alipona. Anatembea kwa fremu. Mimi sikuweza tena kukiangalia kile kipande cha juu ya mfereji bila kuhesabu ngazi.

Tulipowaeleza ndugu, shemeji yangu mkubwa aliumia na sikumlaumu. "Shemeji," aliniambia, "kaka akizeekea kwenye nyumba ya kununua, kati ya watu asiowajua, wajukuu watajuaje kwao?" Mume wangu si mtu wa maneno mengi. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Kaburi langu liko hapa, hilo halina mjadala. Ila kabla ya kaburi kuna miaka, na hiyo miaka nataka nikae karibu na daktari wangu wa sukari." Hakuna aliyejibu. Baadaye mama mkwe aliniita chumbani, akanishika mkono, akasema nitafute nyumba isiyo na matope.

Swali lililofuata lilikuwa mji upi. Arusha tulipanga Sakina zaidi ya miaka ishirini na tuna marafiki kule. Lakini Arusha iko juu, mita kama 1,400 kutoka usawa wa bahari, na baridi ya Julai inaingia kwenye viungo vyangu hadi nalala na soksi mbili. Bei za nyumba nazo zimetuacha mbali. Moshi mjini haifiki mita 1,000, ni mji mdogo, ukitoka sokoni unakutana na mtu unayemfahamu, na Kibosho iko karibu kiasi kwamba mume wangu anaweza kwenda kuangalia migomba asubuhi na kurudi kula mchana. Joto la Januari hadi Machi ni kali, nalikubali. Kama kilomita 80 tu zinatutenganisha na marafiki wa Arusha.

Fedha nazo ziliamua mengi. Kikokotoo cha pensheni kilichoanza Julai 2022 kilitupa asilimia 33 ya mafao kwa mkupuo, wakati wenzetu wa mfuko wetu wa zamani waliotutangulia walikuwa wanachukua nusu. Mwaka 2024 serikali iliipandisha hadi 40 kwa watumishi wa kundi letu, lakini sisi tayari tulikuwa tumeshapanga maisha kwa kile tulichoshika. Tukauza kiwanja tulichokuwa nacho pembezoni mwa Arusha, tukaunganisha. Jumla haikutosha kununua nyumba mpya yenye vigae vinavyong'aa. Ingetosha kuanza kujenga, na hapo ndipo wengi walinishauri: jengeni, mjenge mnavyotaka.

Nilikataa kwa nguvu zote, na nitamwambia hivyo mstaafu yeyote atakayeniuliza. Nimeona wenzangu watatu waliomwaga kiinua mgongo chote kwenye msingi na kuta, nyumba ikasimama kwenye linta. Mabati hayakununuliwa. Mmoja amehamia kwenye chumba kimoja alichoezeka, mvua ikinyesha anasikiliza maji yakiingia vyumba vingine. Ujenzi unakula mshahara unaoendelea kuingia. Pensheni ya mwezi haina nguvu hiyo.

Na nyumba ya zamani ina ukweli wake. Nyumba iliyosimama miaka arobaini na kitu imeshasema yote iliyokuwa nayo moyoni. Kama msingi ulikuwa wa kuzama, umeshazama na ufa unauona. Kama maji yanaingia masika, alama iko ukutani. Majirani wanafahamika tabia. Nyumba nyingi za miaka ya sabini zina dari iliyo juu, hewa inapita, na joto la Februari linapata pa kwenda. Na parachichi la miaka thelathini uani halipatikani duka lolote.

Tulizunguka miezi mitano. Shanty Town tulipita tu kuangalia ile mijakaranda, viwanja vikubwa, utulivu. Bei zake hata hatukuziuliza mara mbili. Majengo palikuwa karibu na kila kitu, ila nyumba tuliyoipenda ilitazamana na baa, na Jumamosi saa tano usiku kitanda kingekuwa kinacheza chenyewe. Rau tuliipenda kwa miti na ubaridi wake. Nyumba yenyewe ilikuwa nadhifu, imepakwa rangi wiki ile ile, harufu bado iko puani. Nikajiuliza kwa nini imepakwa kuta za nje mpaka usawa wa kiuno tu. Mume wangu akazunguka nyuma, kwenye banda la kuni ambalo hawakulipaka, akaniita. Kulikuwa na mstari wa tope uliokauka, juu kidogo ya goti, umenyooka kama umepigwa kwa rula. Mto ulikuwa umeshafika pale. Hatukubishana na mtu, tuliaga vizuri tukaondoka.

Tangu siku hiyo tukawa na utaratibu. Kila nyumba tuliyoipenda tuliirudia mara tatu: siku ya kazi mchana, Jumamosi usiku, na siku ya mvua. Mara ya pili na ya tatu hatukumwita dalali. Tulikwenda kwenye genge la karibu, tukanunua nyanya na vitunguu, tukakaa kwenye benchi. Muuza genge anajua kuliko dalali. Anajua bomba linatoka siku gani, nani aliuza kwa haraka na kwa nini, kama bajaji inakuja usiku ukiipigia au dereva anakataa kwa sababu ya barabara. Nilikuwa nauliza swali moja zaidi: hapa mtaani Jumanne saa nne asubuhi kuna nani? Watu wanacheka kwanza. Halafu wanahesabu: mama fulani yupo, mzee wa pale kwenye geti la bluu yupo, fundi cherehani yupo. Mtaa ambao Jumanne saa nne una mbwa na walinzi tu, hata ungekuwa na lami mpaka mlangoni, mimi siuwezi.

Nyumba moja karibu tuipate. Bei ilishakubaliwa, mwenyewe ana hati mkononi, mtu mzima wa heshima. Mwanasheria wetu akauliza tu, "Na mama yuko wapi?" Mama alikuwa Tanga kwa binti yao na hakuwa anajua chochote. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, hairuhusu nyumba ya familia kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi, na hati kuwa na jina la mume peke yake hakuondoi haki hiyo. Tulirudisha mikono nyuma. Nilimfikiria yule mama kwa siku nyingi.

Hii tunayokaa iko Soweto, mtaa wa hapa Moshi. Ilijengwa 1977, matofali ya saruji, vyumba vitatu, sakafu nyekundu ya saruji iliyosuguliwa mpaka unajiona, madirisha ya luva. Marehemu aliyeijenga aliacha watoto watano waliosambaa mikoani, kwa hiyo tulitaka kuona karatasi ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mirathi, na kikao cha familia kilichosainiwa na wote watano. Tukafanya upekuzi ofisi ya ardhi kuona kama kuna mkopo au zuio. Halafu kitu ambacho wanunuzi wa nyumba za zamani wanakisahau: miaka ya hati. Hati nyingi za wakati ule zilikuwa za miaka 33. Iliyotolewa 1984 ilikwisha 2017, na kuihuisha ni safari yako mnunuzi. Hii ya kwetu ni ya miaka 99, ina zaidi ya nusu mbele yake.

Waliomba milioni 95. Tulikubaliana 81.

Tukamleta fundi wetu wenyewe kabla ya kulipa hata senti, mzee aliyejenga tangu enzi za saruji ya mgao. Alipanda juu ya dari na tochi, akakaa huko nusu saa, tukamsikia anagonga. Alishuka na utando wa buibui kichwani na kipande cha mbao kiganjani. Akakibonyeza kwa kidole gumba kikageuka unga. "Mchwa," akasema, "ila upande wa jikoni tu. Kenchi nyingine ni nzima. Na mabati haya ya zamani ni mazito, mama, msiyatoe mkaweka haya mapya mepesi, pakeni rangi tu." Kisha akakata kipande cha bomba la chuma pale linapoingia jikoni, akakiinua kwenye mwanga. Kwa nje ni bomba la inchi moja. Kwa ndani kutu ilikuwa imejaa mpaka tundu lililobaki lingepitisha penseli. Nikaelewa kwa nini maji yalikuwa yanatoka kama machozi. Bei ilishuka kutoka milioni 81 hadi 77 kwa ajili ya kenchi na bomba, na warithi walikubali bila ugomvi kwa sababu waliona kwa macho yao.

Tulitumia milioni 13 kuitengeneza. Mabomba yote mapya, nyaya za umeme zote mpya, simtanki juu ya mnara mfupi, chemba ya maji taka ikazibuliwa na kufunikwa upya. Sehemu niliyoisimamia mimi mwenyewe, nimekaa kwenye kiti siku tatu, ni bafu. Kizingiti kikatolewa. Sakafu ikapewa mwinamo wa maji kwenda kwenye tundu la pembeni, ikawekwa vigae vya kukwaruza visivyoteleza. Mlango ukapanuliwa hadi sentimeta 90 ili kiti cha magurudumu kipite siku kikihitajika. Vishikio vya ukutani vinavyouzwa tayari tuliona ni ghali na vyepesi, hivyo nikampelekea fundi wa kuchomelea kipande cha bomba la chuma, akatengeneza viwili, vikafungwa kwa boliti ndefu ndani ya tofali. Fundi alipomaliza nilimwambia anyanyue miguu ajining'inize. Akaning'inia. Havikutikisika.

Mlango wa mbele ulikuwa na ngazi moja ya sentimeta 15. Kipimo tulichokuwa tunakitumia wodini kwa njia ya kiti cha magurudumu ni kila sentimeta moja ya kupanda ipewe 12 za kwenda mbele, kwa hiyo ile ngazi moja ikazaa njia ya mita 1 na sentimeta 80. Piga hesabu ya ngazi tatu za ile nyumba ya barabara ya Uru, utajua uwanja wote ungekwisha.

Kosa letu lilikuwa moja na liliuma. Kodi ya majengo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, haifichiki. Kodi ya pango la ardhi ndiyo inayojificha. Hatukuiulizia mpaka tulipokwenda kubadilisha jina, tukakuta deni la miaka tisa. Warithi walilipa nusu kwa utu wao tu, kwa sababu kwenye mkataba wetu hatukuandika neno lolote juu yake. Ulizeni mapema, na mwandike.

Shemeji yangu mkubwa alikuja kutuona Pasaka. Alizunguka nyumba bila kusema, akaingia bafuni, akashika kile kishikio akakivuta mara mbili. Wakati anaondoka aliniuliza jina la fundi wa kuchomelea. Desemba tulipanda Kibosho kama kila mwaka, tukalala wiki mbili, tukasafisha makaburi. Kile kipande cha juu ya mfereji mume wangu amekipanda migomba na kahawa upya, na miche ameanza kunipa hesabu yake moja moja.

Mama mkwe huja kwetu kila kliniki. Zamani alikuwa akilala siku mbili, sasa anakaa mwezi. Ana kiti chake chini ya parachichi, na amepata rafiki: jirani yetu wa ukuta wa kushoto, mjane, mwalimu mstaafu wa miaka 74, ambaye ameishi mtaa huu tangu nyumba hizi zina harufu ya rangi. Huyu dada ana tabia hakutuambia, tumeigundua wenyewe. Kila asubuhi anaangalia pazia letu la sebuleni.

Jumanne iliyopita tulichelewa kuamka, mume wangu alikuwa na homa usiku tukalala alfajiri. Saa mbili na nusu nikasikia fimbo inagonga geti.

"Hodi humu! Mko wazima?"

Nikatoka na kanga, nywele hazijachanwa. Amesimama na sufuria ya uji iliyofunikwa kwa sahani.

"Shikamoo dada. Tuko wazima, mzee alikuwa na homa tu."

"Marahaba. Nimeona pazia," akasema, akaingia.